Meza ya Mbele Bwaloni

Jumanne, 3 Februari 2004

Siku ya kupokea kidato cha kwanza. Vumbi, masanduku, wazazi wanaouliza swali lile lile. Deputi Irungu amenikabidhi rasmi: Madam Mbeke, hawa ni wako mpaka watulie. Mwaka jana watatu walitoroka kabla ya likizo fupi na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka huu hatoroki mtu. Nimelisema mbele ya hedimasta, kwa hiyo sasa sina pa kurudi.

Mmoja nimeshamtilia shaka. Meitamei, wa kutoka Mashuuru. Amekuja peke yake — hana mzazi, hana mjomba — sanduku begani, suruali ya shule imeishia juu ya vifundo vya miguu. Ni mrefu kuliko Irungu. Masikio yametobolewa matundu makubwa. Aliacha masomo darasa la saba, akachunga ng'ombe, akawa moran, askari kijana wa Kimaasai. Mwaka jana karo ya msingi ilipoondolewa akarudi darasa la nane, akawapita vijana wa akademi za hapa Kitengela. Irungu ananong'ona kwamba huyu ni mzee, ataoa kabla ya muhula kwisha. Mimi najua wa aina hii ndio huponyoka. Huko alikotoka alikuwa akienda darasani asubuhi na kurudi kwao jioni, sasa ghafla ni bweni, kengele na foleni.

Nilimuuliza kama ana swali. Analo moja. "Tunakulianga wapi?"

Nikamwonyesha bwalo. Akalitazama muda mrefu. Wenzake wanauliza maktaba, uwanja, simu. Yeye bwalo! Nimeliweka akilini.

Ijumaa, 6 Februari

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ukitaka kumjua mtoto, mtazame akila. Alitulea tisa kwa hilo moja. Kwa hiyo niko bwaloni kila mlo, hata zamu isiyo yangu. Wahu wa Hisabati anasema nimekuwa askari wa githeri, mlinzi wa mahindi na maharagwe. Na acheke. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na nimeona. Meitamei hali. Anapokea sahani, anakaa, mikono chini ya meza. Nikisogea karibu, anainamisha kichwa. Nikisimama pale nimtie moyo — kula, kijana, hapa ni kwenu — ndio kwanza anageukia ukutani. Mwishowe sahani inarudi vile vile. Jana hivyo, leo hivyo.

Kuna mtu anamtisha. Mono, mgeni wa kidato cha kwanza, hatishwi na maharagwe.

Jumapili, 8 Februari

Nimetoka kanisani nimechelewa, chakula cha mchana kimepita. Nikamuuliza Musila wa jikoni. Ati Meitamei amekula vizuri sana, akarudi kuongeza!

Haiwezekani. Wiki nzima nimemwona kwa macho yangu hali, halafu siku moja tu nisiyokuwepo awe amekula mpaka kuongeza? Musila hunijibu huku anatazama sufuria. Ama ananidanganya niondoke jikoni kwake, ama anamficha mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 9 Februari

Nimempata!

Anaitwa Moses, kidato cha tatu, wa Kajiado mjini. Kijana msafi, mcheshi, hodari wa mpira wa wavu. Hao wacheshi ndio wabaya. Leo ameacha meza ya wenzake, akaja kukaa benchi moja na Meitamei, wakawa wanaongea Kimaasai. Nikajifanya nazungumza na Wahu, nikawapa mgongo. Kisha nikageuka ghafla. Mkono wa Moses ulikuwa ndani ya sahani ya Meitamei! Na Meitamei aliponiona akauvuta mkono wake haraka, akauficha chini ya meza. Hofu tupu. Kijana mzima, mlinzi wa ng'ombe, anaogopa kugusa chakula chake mwenyewe.

Jumatano, 11 Februari

Nimewaita ofisini, mmoja mmoja.

Meitamei: "Madam, Moses ni mtu mzuri."

Wote huwasifu wanaowaonea. Hilo ni somo la kwanza la ushauri nasaha.

Moses akasema wanakula pamoja tu. Nikamuuliza tangu lini kidato cha tatu kikala na mono. Akaanza, "Madam, hii ni mambo ya kwetu, yeye akiwa —" Nikamwambia anyamaze. Mambo ya kwetu, mambo ya kwenu, njaa haina kabila. Hakuonyesha adabu wala jeuri, akanitazama tu. Sikupenda alivyonitazama.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepanga bwalo upya. Moses kona ya mbali kabisa, chini ya dirisha. Meitamei meza ya mbele, peke yake, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Hakuna mkono wa mtu utakaoingia sahani yake tena. Irungu amenisifu mbele ya walimu. Nimelala mchana huu na moyo mweupe.

Jumanne, 17 Februari

Amekonda. Mashavu yameingia ndani. Leo alianguka uwanjani saa ya michezo, akabebwa hadi kwa Phylis, matron wetu. Phylis akamkorogea glukosi, akakaa naye, hakunywa. Akatoka kidogo kupokea simu, akarudi akakuta glasi tupu. Phylis anafurahi. Mimi nilikwenda kunusa sinki, nijue kama ameimwaga.

Nimekagua sanduku lake, nikitafuta bangi. Sikupata. Kuna shuka nyekundu iliyokunjwa vizuri, Biblia, sabuni ya kufulia, na sare ya pili ambayo haijavaliwa. Yeye alisimama mlangoni akinitazama nikivipekua. Nilijisikia vibaya, nikamalizia haraka.

Kivuva karudi kutoka shamba la maua Isinya, nikamweleza. Mume wangu huyu! Ati, "Mama Kyule, wewe hata mvua ikinyesha unauliza nani ameituma." Atajibiwa na ukweli.

Alhamisi, 19 Februari

Siku ya kuudhi. Niandike nipoe.

Nilifikiri labda chakula cha shule kinamshinda. Nikaamka mapema, nikapika mwenyewe: nyama ya ng'ombe kwa nyanya na dania, chapati laini. Hata mwanangu Kyule alilia akitaka. Saa ya mchana wengine walipotoka bwaloni nikamzuia Meitamei. Nikamwekea sahani, nikakaa mbele yake, tukatazamana. Nikamwambia sitaondoka mpaka nione anameza.

Akaitazama ile nyama. Sijawahi kuona mtu mwenye njaa akiitazama nyama kwa huzuni namna ile. Jasho likamtoka. "Asante, Madam. Nimeshiba." Mtu ambaye tumbo lake nalisikia likinguruma! Nikamwambia mimi ni kama mama yake, asinionee haya. Hapo ndipo machozi yakamjaa machoni, akageuza uso.

Nikaenda kumletea maji, maana na mimi nilikuwa karibu kulia. Kurudi — Moses! Amesimama kando ya meza, mdomo umejaa, sahani nusu imekwisha. Nyama yangu!

Sikusikiliza neno. Moja kwa moja kwa deputi. Moses amerudishwa nyumbani Kajiado, na harudi bila mzazi. Kabla ya jioni shule nzima inajua: mwizi wa chakula cha mono. Alipita mbele ya dirisha la ofisi na begi lake. Meitamei alikuwa amesimama chini ya mti wa mkrismasi. Walishikana mikono.

Nilitarajia kuona ameshukuru.

Jumamosi, 21 Februari

Askari wa lango amemkamata Meitamei anatoka na sanduku. Si kwa kujificha. Mchana kweupe, shuka juu ya sare.

Nilikimbia na malapa. Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema anaenda nyumbani kula. Nikamwambia chakula si kipo hapa, kila siku, kimelipiwa? Akakaa juu ya sanduku. Akasema kwa sauti ya chini: "Hii shule nilitaka sana, Madam. Kuliko kitu yote."

Yaani anataka shule na anaiacha. Basi nani anamfukuza? Moses hayupo. Ni nani mwingine? Nimemsihi asubiri mama yake aje, kisha aamue. Amekubali kungoja, kwa heshima tu. Nimempigia chifu wa kwao ampelekee mama ujumbe. Kama kuna njama ya nyumbani ya kumrudisha kwa ng'ombe, nitaijua nikiwaona uso kwa uso.

Jumanne, 24 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mama yake amefika saa tano. Mwembamba, shanga shingoni, viatu vya tairi, kibuyu cha maziwa. Nikamwambia "takwenya", neno la salamu nililojifunza kwa wauza maziwa. Akaitikia "iko" na kucheka kidogo. Nyuma yake kijana wa rika la Meitamei, amejifunga shuka, fimbo mkononi. Jina lake Parmuat. Nikajiambia: ndiye huyu! Ndiye aliyetumwa kumchukua.

Meitamei alipoitwa, akaja akainamisha kichwa, mama akamgusa utosini. Basi. Hakumuuliza mbona umekonda. Mama akampa Parmuat kile kibuyu na mfuko wa mkate. Vijana wakazunguka nyuma ya maabara. Na mama? Akajigeuza kwenye benchi, akaupa mgongo upande ule, akawa anatazama ua wa seng'enge na malori ya barabara ya Namanga. Mtoto wake ana njaa nyuma yake, naye anahesabu malori!

Nikainuka niende kuchungulia. Akanishika kanga. Kwa nguvu.

"Kaa, mwalimu."

Nikamwambia nataka kuona kama anakula.

"Ukiona, hatakula."

Nikakaa. Akaniambia polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Hiyo kijana iko moran. Moran hakuli kama mama anaangalia. Mimi, ama mama ya mwingine, ama wewe. Mama yote yenye iko na bwana. Nyama ndio mbaya kabisa, hata isionekane na mama. Na hakuli peke yake. Lazima iko na mwenzake. Dawa tu ndio peke yake." Nikauliza na maharagwe ya shule je? Akainua mabega. Wengine wakienda shule wanaacha hayo yote, wazee wamewaruhusu. Huyu wake alikataa. Wenzake walimcheka, wakamwambia akienda bweni atarudi si mtu wao. Akawaapia ataweza yote mawili.

Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza njia.

"Kwani wewe unamuangalianga?"

Nilitazama malori. Kila mlo, mama. Kila mlo tangu alipofika. Siku niliyokwenda kanisani alikula akaongeza, bila shaka na Moses. Phylis alipotoka alikunywa. Nilipowapa mgongo walikula sahani moja, wawili, kama inavyotakiwa. Kisha mimi nikamwondoa mwenzake, nikamweka yeye peke yake mezani, nikakaa mbele yake na nyama niliyoipika kwa mikono yangu. Nikamwambia mimi ni kama mama yake!

Vijana walirudi. Kibuyu kilikuwa kitupu. Meitamei alikuwa anajipangusa mdomo, na kwa mara ya kwanza nikaona ana mwanya.

Jumatano, 25 Februari

Nimekwenda kwa hedimasta. Shule si manyatta ya Wamaasai, anasema. Atakula pamoja na wenzake bwaloni ama aende. Nikamwambia atakula bwaloni, ila mimi nitatoka humo. Akashangaa, maana ni mimi niliyedai kukaa humo. Kuhusu Moses: amerudishwa kwa taratibu, atarudi kwa taratibu, na mzazi. Irungu akaniuliza mbele yake, kwani si wewe ulimshika? Ndiyo. Ni mimi.

Parmuat ana shangazi hapa Kitengela. Atakuwa anakuja langoni saa za chakula hadi Jumapili, wale pamoja. Jumatatu asubuhi lazima arudi Mashuuru kwa ng'ombe. Wamaasai wengine wa hapa shuleni? Niliwauliza, ni wawili tu. Wote ni wa kidato cha pili, hawajatahiriwa, bado si moran. Hawafai. Moses peke yake, aliyekwisha kutahiriwa, ndiye anayefaa.

Meitamei ameniambia wazi, kwa adabu. Akikosa mwenzake Jumatatu, anaondoka na Parmuat au anamfuata. Sanduku hajalifungua tangu Jumamosi.

Ijumaa, 27 Februari

Kajiado. Jua la kuchoma utosi. Baba yake Moses anafanya kazi ya mifugo, serikalini. Nyumba safi, viti vina vitambaa. Alinikaribisha chai, yeye mwenyewe hakunywa. Nikawaza, hata huyu? Kumbe ana vidonda vya tumbo. Sasa nimekuwa wa kumshuku kila asiyekula.

Moses aliletwa akasimama kando ya mlango. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nakuambia, Madam. Ukasema ninyamaze."

Kweli. Na ile nyama? Alimkuta Meitamei amekaa nayo, ameambiwa asiinuke mpaka iishe. "Sasa mimi nikaona nimsaidie imalizike, usimkasirikie. Mimi nakulanga popote, hata mbele ya mathe. Lakini yeye hapo shule hana mtu mwingine."

Nilisema samahani. Nilisema kwa Moses kwanza, halafu kwa baba yake. Mzee akasema samahani ya sebuleni haifuti jina la mwizi alilopewa mtoto wake mbele ya shule nzima. "Nimrudishe aangaliwe kwa macho ya nani, mwalimu?" Nikamwahidi nitasema paredi Jumatatu, mbele ya wote. Akasema, "Tutaona."

Nilimtazama Moses nijue kama anataka kurudi. Uso haukusema kitu. Zamani ningedhani nimeusoma.

Jumatatu, 1 Machi

Asubuhi. Nimesema paredi. Nimesema Moses hakuiba chakula cha mtu, kwamba aliyekosea ni mimi, na nimetaja jina langu. Vijana walizomea kidogo, Irungu akatazama viatu vyake. Moses hakuwepo kusikia. Wala baba yake.

Parmuat amekwenda. Nilimwona akivuka barabara.

Mchana. Naandikia hapa nje, juu ya jiwe karibu na tangi la maji, mgongo kwa bwalo. Kengele imelia. Nimemwomba Musila aweke meza ndogo upande wa stoo, viti viwili. Ameitikia akitazama sufuria, kama kawaida yake. Huenda ni haya tu. Miaka mitatu namdhania mwizi wa sukari.

Meitamei amepita na sahani yake. Amenisalimu. Nimeitikia nikitazama tangi. Sanduku lake liko wapi? Sikuangalia. Phylis anasema amelitandikia shuka juu, tayari.

Kelele za vijiko zimejaa humo ndani. Kuna vijiko vingi mno, siwezi kutofautisha. Nashuku ile "tutaona" ya mzee wa Kajiado ilikuwa ya kuniaga tu. Nashuku Irungu atamzuia langoni hata akija. Na hata Musila akiniletea sahani ile imekwisha kabisa, nitajuaje aliyeimaliza? Hilo ndilo linaloniuma. Sitajua. Nikitaka kujua, nitamnyima kula.

Lango limelia. Nimesikia mnyororo. Viatu vya ngozi kwenye kokoto, haraka haraka, vimepita nyuma yangu kuelekea bwaloni. Hakusalimia. Anaweza kuwa Moses. Anaweza kuwa Irungu anayekuja kuona kichaa wa jiweni. Shingo inaniuma kwa kuizuia.

Upande wa stoo kumekuwa kimya. Kiti kimeburutwa. Sijui kama ni mtu anakaa au ni mtu anainuka kwenda zake. Sitageuka.